Jiwe nililookota Oldoinyo Lengai limegeuka unga. Ni jiwe gani hili?

Mpandamlima:
Wakuu, naombeni msaada, hasa mnaojua miamba.

Mwaka 2005 tulipanda Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Tulianza saa sita usiku, alfajiri tukawa juu. Enzi hizo kreta, yaani shimo la kileleni, ilikuwa imejaa lava iliyoganda hadi ukingoni, unatembea juu yake kama uwanjani. Kiongozi akatuonyesha mahali lava ilipopita majuzi tu. Nikaokota kipande cheusi cha ukubwa wa ngumi, chepesi, kina mikunjo kama kamba iliyosokotwa. Nikakifunga kwenye fulana. Tulipofika Arusha kilikuwa kimeshaota weupe kama ukungu wa mkate, na baada ya wiki hakikuwa na weusi wowote. Nikakitia kwenye kopo, nikasahau.

Juzi nahama nyumba, nafungua kopo: unga mweupe na vibonge vinavyosagika kwa vidole. Shangazi anasema ule ni mlima wa Mungu, nirudishe nilichochukua. Nimemsikia, ila nataka kwanza kujua nilibeba nini. Na je, ni sumu? Nyumbani kuna watoto.

Kigae:
Hicho kimondo mkuu, usikitupe. Vina bei.

Mama P:
Mimi naona chokaa. Kamulia limau, kikitoa povu ni chokaa.

Mpandamlima:
Mama P, nimekamulia sasa hivi. Povu limetoka jingi!

Nyundo na Patasi:
Kimondo hapana. Nenda Mbozi ukaguse kile cha kule: ni chuma, kizito, na sumaku inanasa.

Mama P yuko karibu sana. Povu linatuambia ni kabonati, yaani jamii ya magadi na chokaa, ila chokaa haianzi ikiwa nyeusi. Lava ya volkano nyingi ina silika kwa wingi, ile inayounda mchanga na kioo. Ya Lengai ni kabonati za sodiamu na kalsiamu, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo leo. Ndiyo maana hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida, na mchana inaonekana kama tope jeusi linalotiririka. Ikishapoa hunyonya unyevu wa hewa, madini yake yanabadilika, inakuwa nyeupe na kumomonyoka. Fulana yako haikuweza kuzuia hilo.

Moja ya madini hayo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Najivunia hilo kila nikilitaja.

Kuhusu watoto: lichukulie kama magadi makali. Lisiingie machoni wala mdomoni, na ukishika nawa mikono.

Mchunga Mbuzi wa Natron:
Kaka, sakafu uliyoikanyaga haipo tena. Mlima ulilipuka kuanzia Septemba 2007 hadi 2008, majivu yakatufikia mpaka huku malishoni. Pale juu sasa ni shimo refu. Hata ukitaka kurudisha, mahali penyewe pameondoka. Shangazi yako umweleze hivyo kwa adabu, maana na sisi tunauheshimu ule mlima kama yeye.

Nyundo na Patasi:
Kwa hiyo mkuu usimwage! Andika mahali na mwaka juu ya kopo, funga vizuri.

Mpandamlima:
Nimeandika: "Lengai, kreta ya kaskazini, 2005." Liko juu ya kabati, watoto hawafikii. Shangazi nampigia jioni hii.