Mtoto amefika, ila msimbebe kwanza

Kutoka: Dada wa Brooklyn Park, Minnesota
Jumatatu, 3 Februari 2025

Wapendwa, salaam.

Najua habari imewafikia kabla sijaandika, maana kuna mjomba alituma picha kwenye kundi tukiwa bado tunasubiri mabegi. Basi ndiyo, tumefika. Binti yetu ana miezi kumi na moja na meno manne, na saa yake bado ni ya Arusha. Hapa ikigonga saa nne usiku, kwake ni saa moja asubuhi, anaamka na kudai uji.

Kwa wasiojua tulikopitia: mimi ni mzaliwa wa Moshi, lakini tangu nilipoapa uraia wa Marekani, sheria ya nyumbani inaniita mgeni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe amekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo ndipo aombe kuasili, yaani kumfanya mtoto wa kuzaliwa na wengine awe wake kisheria. Sisi tulihamia Arusha 2020 kwa kazi ya mume wangu, wala hatukwenda kwa ajili hiyo. Miaka mitatu ikapita, tukaomba. Akaja huyu, kwanza kama mtoto wa kulea, afisa ustawi wa jamii akiingia nyumbani na kukagua hadi chandarua. Mwisho Mahakama Kuu ikatoa amri mwaka jana. Siku hiyo yeye alilala fofofo kwenye benchi. Aliyekuwa hajalala ni mimi.

Sasa ombi langu. Watu wanataka kuja kumwona mtoto, na mimi nawataka mje. Njooni na chakula, njooni na nguo za waliokua, njooni mtusaidie kuondoa theluji mlangoni. Lakini kwa wiki kadhaa naomba asibebwe na mtu zaidi yangu na babake. Kumlisha, kumwogesha, kumbembeleza akilia, ni sisi wawili tu. Najua linavyosikika masikioni mwa mtu wa kwetu. Lilinisumbua hata mimi kuliandika.

Hata babake bado yuko kwenye usaili. Alirudi huku kazini Agosti, akamwacha hajaanza hata kutambaa. Pale uwanja wa ndege alitusubiri na puto jekundu. Binti akamtazama, akalitazama puto, akalichukua, akageuza uso begani kwangu. Puto limekubaliwa, mwenye puto bado.

Na jambo jingine, dogo ila linanichoma. Tusiulizane "mama yake hasa ni nani" mtoto akiwa pajani. Leo hajui maneno, mwakani atayajua. Kinachojulikana kuhusu mwanzo wake ni mali yake, na atakayesimuliwa wa kwanza ni yeye.

Mambo ya karatasi mume wangu ataandika mwenyewe.

——

Kutoka: Mama Mkubwa, St. Paul
Jumatatu jioni

Mwanangu,

Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kwetu mtoto akiingia nyumbani anazunguka mikononi mwa watu mpaka usingizi umchukue. Nimelea saba, wawili si wa tumbo langu, na sijawahi kumwambia jirani asimbebe. Leo niende kumtazama mjukuu kama mkate nyuma ya kioo cha duka?

Mtori nimeshapika. Ndizi mshare sikupata, nimetumia hizi za kijani zinazouzwa huku, na nyama ya mbavu. Uko kwenye friza, makopo manne. Na yule aliyeniambia baada ya ibada kwamba mtori ni wa aliyejifungua, namjibu hapahapa mbele ya wote: mzazi ni mzazi. Ataunywa.

Jumamosi nakuja. Hayo mengine tutayamaliza mlangoni.

——

Kutoka: Nesi wa Rochester
Jumanne, 4 Februari

Mama, shikamoo. Naomba niingie katikati kwa adabu.

Wale kumi waliokuwa wakimbeba mtoto kijijini walikuwa walewale kesho na keshokutwa. Anajua harufu ya khanga zao, anajua nani anakohoa vipi. Huyu wetu ndani ya miezi kumi na moja ameshahama mikono ya aliyemzaa, kisha ya walezi wa kituo waliokuwa wakipokezana zamu, ndipo akafika kwa dada. Kila mkono mpya ulipokuja, wa zamani uliondoka. Nawaona watoto wa namna hii kazini: anamwendea yeyote huku anacheka, watu wanasifia kwamba hana ugeni, kumbe bado hajajua wa kwake ni nani. Wakati mwingine ugeni ndio tunaoutafuta. Akikulilia wewe Mama na kumkimbilia mama yake, hapo shangilia.

Dada, mpeleke kwa daktari ndani ya wiki mbili tangu mfike, hata kama anakula na kucheka. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kliniki ya watoto wa kuasiliwa tangu 1986, ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, hamtalazimika kueleza kila kitu tangu mwanzo. Chukua kadi yake ya kliniki ya Tanzania, ileile halisi, si picha ya simu. Watapima wingi wa damu, madini ya risasi, homa ya ini B, VVU, kaswende, kifua kikuu, na choo kwa ajili ya minyoo. Baadhi ya vipimo vya damu hurudiwa baada ya miezi sita, kwa hiyo mkiitwa tena msidhani kuna kilichoharibika. Na uliza selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto wanaozaliwa huku hutobolewa kisigino siku za mwanzo na kupimwa, yeye huenda hakupimwa.

Kuna mambo mawili huwachanganya watu wetu. La kwanza ni BCG, chanjo ya kifua kikuu (TB), aliyochomwa alipozaliwa: inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kile kipimo cha TB cha ngozi. Ukivimba usipuuze, wala usianze kulia. Watampiga picha ya kifua ndipo waseme. La pili ni surua. Chanjo aliyopata ya miezi tisa huku hawaihesabu, wanayoihesabu ni ya kuanzia mwaka mmoja. Atachomwa tena, si kwamba wanamdharau nesi wa Arusha.

Halafu yale makoti mazito mnayomletea. Asifungwe mkanda wa kiti cha gari akiwa ndani ya koti nene. Ukigongwa, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvue, mfunge, ukivuta mkanda usipate pa kushika begani, ndipo umfunike blanketi juu. Gari litapata moto kabla hajamaliza kunung'unika.

——

Kutoka: Mwenye Puto
Jumanne usiku

Asanteni nyote. Mimi ni mfupi wa maneno.

Bima nilimwandikisha wiki ileile ya amri ya Mahakama, na namshukuru aliyenitonya hapahapa mwaka jana kwamba kwa bima ya kazini siku 30 za kumwandikisha mtoto zinahesabiwa tangu kuasili, si tangu ndege itue. Ningesubiri wafike ningekuwa nimechelewa.

Visa yake ni IR-3, ile ya mtoto aliyekwisha kuasiliwa kabla ya kusafiri, muhuri tumegongewa Minneapolis. Swali: cheti cha uraia tunaombaje? Kuna mtu wa kujaza fomu anataka tumlipe ashughulikie. Na kuna likizo, na kodi.

——

Kutoka: Kaka wa Columbus
Jumatano, 5 Februari

Shemeji, funga pochi. Mtoto akiingia kwa IR-3 na mzazi mmoja ni raia, anakuwa raia palepale anapopokewa mpakani, kwa ile sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000. Cheti kinakuja chenyewe kwa posta, hakuna fomu wala ada. Kazi yako ni kuhakikisha anwani waliyonayo ni sahihi, na kuandika jina lake kwenye sanduku la barua, maana bado hakuna anayelijua mtaani kwako.

Pasipoti ya Marekani msisubiri cheti. Nendeni wote wawili na mtoto, mbebe amri ya Mahakama, cheti cha kuzaliwa, cheti cha uraia cha mama yake, na pasipoti ya Tanzania yenye muhuri. Namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, nayo ombeni sasa. Cheti kikija mrudi kuwaonyesha hao wa Social Security, ili kumbukumbu zao zisome raia; watu husahau hatua hiyo, halafu miaka kumi na sita baadaye kijana anaomba kazi ya likizo na kuambiwa yeye ni mgeni.

Pasipoti ya Tanzania msiitupe kabatini. Mtoto anaruhusiwa uraia wa nchi zote mbili, akifika miaka 18 ndipo Tanzania itamtaka achague.

Kodi: kuna nafuu kwa gharama za kuasili, fomu 8839. Kwa kuwa amri ilitoka 2024, kiwango cha juu ni dola 16,810. Kwa mwaka huo hawakupi mkononi, inafuta kodi unayodaiwa, na inayobaki unaibeba hadi miaka mitano. Inapungua kadiri kipato kinavyopanda. Tunzeni risiti, hata za mawakili wa Arusha.

Likizo: ile ya nchi nzima ya wiki 12 inahusu kuasili pia, mradi kampuni ina watu 50 na wewe umefanya kazi hapo mwaka mzima. Haina malipo. Jimbo lenu linaanza likizo yenye malipo Januari 2026, nyinyi mmewahi kidogo, poleni.

——

Kutoka: Shangazi wa Houston
Jumatano

Nadandia humu. Nami nataka kumleta mtoto wa dada yangu kutoka Tanga, ana miaka 12. Wazazi wake wapo na wameridhia, na kadhi atatuandikia ulezi. Kaka, njia si hiyohiyo?

——

Kutoka: Kaka wa Columbus
Jumatano

Shangazi, hapana, na bora nikwambie sasa kuliko uje kuambiwa dirishani ubalozini.

Njia waliyopita hawa ni ya mtoto yatima kwa tafsiri ya Marekani. Mtoto mwenye baba na mama nyumbani, hata wakisaini karatasi gunia zima, haingii humo. Njia ya pili inakutaka umeasili mtoto kisheria kabla hajatimiza miaka 16, na uwe umekaa naye chini ya ulezi wako wa kisheria miaka miwili. Kukaa naye kweli, si kumtumia ada ya shule. Nawe unaishi Houston, yeye Tanga.

Na karatasi ya kadhi ni ulezi. Ninavyowaelewa masheikh, kulea yatima kuna thawabu kubwa lakini nasaba haibadiliki, mtoto hubaki na ubini wa baba yake. Ni utaratibu wenye heshima zake, ila Marekani hawauhesabu kuwa kuasili. Usiuze kiwanja kwa ajili ya hili. Mlipie ada, na likizo uende ukamwone.

——

Kutoka: Shangazi wa Houston
Jumatano

Kiwanja nilishaanza kutafutia mnunuzi. Asante.

——

Kutoka: Dada wa Brooklyn Park
Jumapili, 2 Machi 2025

Natoa ripoti, maana mnanipigia mmoja mmoja.

Kliniki tumekwenda. Ana minyoo kidogo na damu imepungua kidogo, vyote vina dawa. Selimundu hana. Mkono ulivimba kama nesi alivyosema, picha ya kifua ikatoka safi. Namba ya Social Security imefika, pasipoti tumeomba, cheti bado.

Sasa Mama Mkubwa. Alikuja ile Jumamosi, akavua viatu, akanipa mtori, akaketi chini kwenye zulia na kuegemea kochi. Hakumwita mtoto, hakunyoosha mikono. Akaomba mifuniko ya sufuria, akaanza kuigonganisha taratibu huku anaongea na mimi habari za bei ya nyama. Binti akawa nyuma ya goti langu saa nzima. Jumamosi ya pili akasogea hadi kwenye mguu wa meza. Jana akatambaa zulia lote, akachukua mfuniko, akauweka kwenye mapaja ya Mama Mkubwa, halafu akashika khanga yake kwa mikono miwili akasimama. Mara ya kwanza kusimama katika nyumba hii. Mama Mkubwa akainua mikono juu kama aliyekamatwa na askari: "Mashahidi mpo! Sijamgusa mimi! Yeye ndiye kanigusa!"

Nikamwambia, Mama, mshike. Hakungoja nirudie.

Alipomchoka akanyoosha mikono kwa babake, si kwangu. Sitajifanya sikuumia kidogo. Siku hizi ile saa nne ya usiku analala juu ya kifua chake, na babake anaogopa hata kukohoa.

Natafuta viatu vya theluji vya mtoto wa mwaka mmoja, vilivyotumika ni sawa. Mama Mkubwa, makopo yako manne yameoshwa, mume wangu atayaleta Jumanne.

——

Kutoka: Mama Mkubwa, St. Paul
Jumapili

Chombo cha jirani hakirudi kitupu, unajua. Weka hata chumvi. Na Jumamosi nakuja na mifuniko yangu, ya kwako ni ya kioo, ataivunja.