Kubadili risiva ya zamani ya 5.1: nitafute HDMI 2.1 au eARC ya TV inatosha?

Mshika Rimoti

Wakuu, naomba mwongozo kabla sijafungua pochi.

Risiva iliyopo (amplifaya ya spika nyingi za sinema ya nyumbani) ni ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja ya besi, HDMI 1.4, yenye ARC ya kawaida, ile njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa kebo ya HDMI. TV mpya ni 4K ya 120 Hz; ina poti nne za HDMI, ila za 2.1 ni mbili tu na mojawapo ndiyo hiyo hiyo ya eARC (ARC iliyoboreshwa). Vyanzo ni konsoli moja ya gemu inayotoa 4K kwa 120 Hz, kisoma diski za 4K na mashine ya santuri. Spika za mbele ni za omu 6 (ukinzani wa umeme), unyeti 88 dB. Sabufa ina amplifaya yake. Chumba ni mita 4 kwa 5, kochi limekaribia ukuta wa nyuma, kutoka spika hadi kichwani ni mita 3. Nataka kuongeza spika mbili za darini kwa ajili ya Dolby Atmos, sauti inayotoka na juu pia.

Je, risiva iwe na HDMI 2.1? Chaneli ngapi? Na hizi wati zinazotangazwa kwenye boksi, nizisomeje? Nawasilisha.

Shaba Tupu

Mkuu, kwa vyanzo hivyo HDMI 2.1 kwenye risiva si lazima. Cha lazima ni eARC.

Konsoli ichomeke kwenye ile poti ya pili ya 2.1 ya TV. Picha inaishia hapo, sauti ndiyo inayorudi kwenye risiva. ARC ya zamani haina nafasi ya kupitisha Dolby TrueHD (sauti ya diski isiyopunguzwa ubora) wala PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli nyingi. Mwisho wake ni Dolby Digital Plus, ambayo imebanwa. eARC inabeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, hivyo TrueHD, DTS-HD Master Audio (ya DTS, mshindani wa Dolby) na PCM ya chaneli 8 zote zinapita.

Kisoma diski usikipeleke kwenye TV. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: zipo TV ambazo hazipitishi DTS kabisa, hata kwa eARC, na diski nyingi zimerekodiwa kwa DTS-HD. Kichomeke kwenye risiva. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, na HDMI 2.0 ya gigabiti 18 inazimudu pamoja na HDR yake (mwanga na rangi pana zaidi), mradi poti iwe na HDCP 2.2, kinga dhidi ya kunakili. Hiyo risiva yako ya HDMI 1.4 inagota kwenye gigabiti 10.2 na imetangulia HDCP 2.2, ndiyo maana ukipitishia diski ya 4K picha inashuka hadi 1080p au inagoma.

Desibeli Tatu

Nianze na wati, maana ndizo zinazouzia watu maneno.

Tafuta kwenye karatasi ya vipimo sentensi inayosema chaneli mbili zikiendeshwa, omu 8, 20 Hz hadi 20 kHz, upotoshaji wa asilimia 0.1 au chini. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia. Ile kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni chaneli moja tu, omu 6, mlio mmoja wa 1 kHz, upotoshaji wa asilimia 10. Amplifaya ile ile inaweza kuandikwa 90 kwa kipimo cha kwanza na karibu 180 kwa cha pili.

Tena kuongeza wati mara mbili kunaleta 3 dB tu. Kutoka 90 kwenda 120 ni kama 1.2 dB, sikio litahangaika kuitambua. Spika ya 88 dB ikipewa wati 1 inatoa 88 dB kwa umbali wa mita 1. Ukiwa mita 3 unapoteza kama 9.5 dB nje kwenye uwazi, chumbani kidogo kuliko hapo. Wati 100 zinaongeza 20 dB, unabaki na karibu 98 dB kwa spika moja. Kwa chumba hicho inatosha, hasa besi ikiachiwa sabufa. Usilipe zaidi kwa ajili ya wati. Lipia programu nzuri ya kupima chumba, na matundu ya pre-out (yanayotoa sauti kabla haijakuzwa), ili siku ukitaka amplifaya ya pembeni usibadili risiva nzima.

Chaneli: 5.1.2 (yaani 5.1 pamoja na spika mbili za darini) inahitaji amplifaya 7, kwa kuwa sabufa ina yake. Kochi likiwa karibu na ukuta, spika za nyuma za 7.1 hazina pa kukaa, kwa hiyo saba hizo zitumie vizuri darini. Jozi moja ikae mbele ya kichwa kidogo, si nyuma: kama dari liko mita 1.5 juu ya masikio, sentimita 25 mbele zinakupa pembe ya nyuzi 80. Ukiwaza jozi mbili baadaye, nunua yenye amplifaya 9 sasa hivi.

Kuhusu omu 6: kwenye risiva zenye chaguo la omu menyuni, liache kwenye 8. Likishushwa, kinachofanyika ni kupunguza umeme unaofika kwenye amplifaya ili joto lisipande, na nguvu inapungua. Ulinzi wa kweli ni kuacha nafasi ya hewa, sentimita 10 hadi 15 juu ya risiva. Usiibebeshe kisoma diski mgongoni.

Kebo Ndefu

Nampinga kidogo Shaba Tupu. Konsoli ni moja leo. Ikija ya pili, au kompyuta ya gemu, poti za 2.1 za TV zimeisha, kwa sababu moja imekaliwa na eARC. Hapo ndipo poti za 2.1 za kwenye risiva zinapolipa. Ila soma kasi yake, usisome namba ya toleo tu: HDMI 2.1 inaweza kuwa gigabiti 24, 40 au 48. Ya 24 kwa 4K 120 Hz mara nyingi italazimisha konsoli kupunguza taarifa za rangi. Chukua 40 kwenda juu.

Kama unanunua iliyotumika, jihadhari na matoleo ya kwanza ya 2.1 ya mwaka 2020. Baadhi yalikuwa na chipu isiyoelewana na ishara ya 4K 120 Hz ya konsoli; picha inakuwa nyeusi.

Kebo iwe na lebo ya Ultra High Speed. Ya shaba isizidi mita 3 hivi ukitaka usingizi. Zaidi ya hapo tumia ya nyuzi za mwanga, na ujue ina upande wa chanzo na upande wa TV. Ukiigeuza haitoi kitu. Kabla hujaipitisha ukutani hakikisha inaruhusu eARC, kwani si zote.

Shaba Tupu

Hoja ya poti nakubali, ingawa bei ya hizo poti mbili ingenunua spika za darini. Sasa kazi yenyewe.

Piga picha nyuma ya risiva ya zamani, kisha bandika karatasi kwenye kila waya: mbele kushoto, kati, na kuendelea. Zima, chomoa umeme, ndipo uguse waya. Waya wa darini uwe shaba halisi ya 2.5 mm² na si alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa kwa karibu nusu zaidi. Menya sentimita 1, sokota nyuzi vizuri. Uzi mmoja tu ukigusa kifungio cha jirani unapiga shoti, na risiva itazima ghafla kila ukiiwasha. Plagi za banana zinaondoa balaa hilo.

Washa, unganisha intaneti, sasisha programu yake kwanza. Ukipima chumba kabla ya kusasisha, huenda ukarudia. Kisha ingia menyu ya kugawa amplifaya, chagua spika za juu. Isipobadilishwa, risiva nyingi huzihesabu chaneli za 6 na 7 kuwa za nyuma na dari linabaki bubu.

Sabufa: kichujio chake kizungushe hadi mwisho au weka LFE (besi bila kichujio cha sabufa), kitufe cha sauti katikati. Maikrofoni ya kupimia chumba iwe kwenye kistendi, usawa wa masikio, pointi ya kwanza mahali pa kichwa hasa, kwa sababu umbali wa spika zote unahesabiwa kutoka hapo. Isiegemee mto wa kochi. Ikimaliza, tazama kiwango cha sabufa. Kikiwa -12 dB programu imegonga ukuta: punguza sauti kwenye sabufa yenyewe, upime tena hadi kiangukie kati ya -6 na 0.

Mashine ya santuri ikiwa na kikuza sauti ndani, tumia tundu la kawaida. Ukiipitisha tena tundu la fono, lenye kikuza sauti chake, sauti inapasuka.

Mshika Rimoti

Asanteni wakuu. Nimefunga yenye amplifaya 9. Mambo matatu: sabufa iko mita 3.5 ila programu imeandika 5, spika za mbele imeziita kubwa, na sauti ya programu za filamu za kwenye TV inafika stereo.

Desibeli Tatu

Mita 5 ziache. Kichujio na amplifaya ya sabufa vinachelewesha sauti, na milisekunde moja ni sawa na sentimita 34. Hizo mita 1.5 za ziada ni kama milisekunde 4.4 zinazofidiwa. Ukiandika 3.5 ya tepu, besi itachelewa nyuma ya spika.

Za mbele zibadili ziwe ndogo, mpaka wa masafa 80 Hz, yaani besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Kuupandisha juu ya ilichopima programu ni sawa. Usiushushe chini yake, huko hakujasahihishwa.

Stereo ni TV. Sauti ya kidijitali imewekwa PCM. Weka Bitstream au Passthrough (sauti ipite bila kubadilishwa), washa eARC kwenye menyu za vifaa vyote viwili, zima na kuwasha TV. Kwenye programu ya filamu chagua kichwa chenye alama ya Atmos, uangalie kioo cha risiva kinaandika nini.

Mshika Rimoti

Kimeandika Atmos. Ilikuwa PCM.