Frederick Septimus Kelly: mpiga makasia aliyefia vitani

Mkaazi wa Tudor

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawafundisha vijana kupiga makasia huku Tudor, na juzi mmoja aliniuliza kama wapo mabingwa wa zamani wa mchezo huu waliokwenda vitani. Nilimtajia Kelly, mzaliwa wa Sydney mwaka 1881, aliyeshinda Henley, yale mashindano ya makasia ya Uingereza, katika mashua ya mtu mmoja miaka ya 1902, 1903 na 1905. Aliponiuliza aliingiaje jeshini, nilikwama. Je, mchezo ndio uliomfanya askari?

Baharia Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwalimu. Waeleze vijana kwanza kwamba Kelly alikuwa mpiga piano, aliyesoma Oxford kisha akaenda Frankfurt, Ujerumani, kujifunza muziki. Mwaka 1905 alimaliza mkondo wa Henley, takribani kilomita 2.1, kwa dakika 8 na sekunde 10, na muda huo haukuvunjwa hadi 1938. Wewe wajua uzito wa jambo hilo: mtu yu peke yake na makasia mawili, na mkono mmoja ukichelewa kulitoa kasia majini, chombo hulalia upande na mwendo wote hukatika. Naamini sikio la mwanamuziki lilimfaa sana hapo. Mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa wanane wa klabu ya Leander waliowashinda Wabelgiji na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, kisha akaurudia muziki wake.

Mjukuu wa Askari

Naomba niongeze habari za vita. Kelly alijitolea mwaka 1914, akapangwa katika Batalioni ya Hood, ambayo ni ya wanamaji wa Uingereza waliopigana nchi kavu, pamoja na mshairi Rupert Brooke. Brooke alifariki kwa ugonjwa tarehe 23 Aprili 1915, kabla hawajashuka Gallipoli, Uturuki, na usiku uleule wenzake, Kelly akiwamo, wakamzika katika kisiwa cha Skyros. Kelly akamtungia rafiki yake maombolezo ya kinubi na vinanda vya nyuzi, akiyaandika katikati ya vita vilevile vilivyomjeruhi na kumpatia nishani ya ushujaa. Tarehe 13 Novemba 1916, huko Beaucourt-sur-Ancre, Ufaransa, aliuawa akiivamia ngome ya Wajerumani yenye bunduki ya rashasha, naye ana miaka 35 tu. Huniuma kila nikikumbuka kwamba aliowakabili siku ile walitoka katika nchi iliyomfunza muziki.

Kuhusu swali lako, mwalimu, yeye alikuwa ameshaacha mashindano miaka sita kabla ya kuvaa sare, na wengi wa rika lake wasiowahi kushika kasia walijiandikisha vilevile. Kwa hiyo sidhani kwamba mchezo ndio uliompeleka.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru nyote. Jumamosi, kabla hatujashusha mashua majini, nitawasimulia vijana habari zake, nikianzia na zile dakika 8 na sekunde 10.