Tupeane uzoefu: ulikwama wapi kwenye aljebra ya maandalizi ya chuo, na nini kilikufungua?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Nimerudi darasani baada ya miaka 11 ya kazi. Kabla ya kuanza masomo yenyewe ya chuo nikapangiwa kozi ya maandalizi ya hisabati: aljebra ya kati na fanksheni. Nilijua fanksheni ndizo zitanimaliza. Kumbe kilichonimaliza ni alama ya kutoa.

Jaribio la kwanza nilipata 31 kwa 100. Usiku nikakaa na ile karatasi, nikapitia kosa moja moja. Maswali mengi nilikuwa sawa hadi mstari wa tatu, halafu mabano yanafunguliwa vibaya. 5 − (x − 2) kwangu ilikuwa 3 − x, wakati ni 7 − x. Mambo niliyodhani niliyamaliza utotoni! Sasa nina daftari la makosa tu, na kosa lile lile nimeshaliandika mara nne. Wenye uzoefu shusheni hapa.

Kalamu Butu
Mimi nilikuwa mwanachama hai wa (x + 3)² = x² + 9. Mwalimu hakunikemea, aliniambia tu niweke 1 mahali pa x. Kushoto 16, kulia 10. Nikanyamaza. Kisha akachora mraba wenye upande x + 3, akaukata: mraba mkubwa, mraba mdogo, na vistatili viwili vya 3x kila kimoja. Ile 6x ndipo ilipokuwa imejificha.

Hadi leo nikiitilia shaka hatua yoyote naijaribu kwa namba. Ila usitumie 0, mkuu. Hapo juu 0 inatoa 9 pande zote mbili, na utajiona uko sahihi.

Mama Wawili
f(x), yaani fanksheni f ikipewa x, niliisoma "f mara x" mwezi mzima, tena kwa kujiamini. Nikipewa f(a + 2) nazidisha f kwa a, naongeza f mara 2, nasonga mbele.

Mwenzangu wa kikundi akaniandikia bila x kabisa: f( ) = ( )² − 4( ). Akasema ukitakacho ukiweke kwenye nafasi zote, na mabano yake usiyavue. Basi f(a + 2) ni (a + 2)² − 4(a + 2), ukifungua inabaki a² − 4. Nilirudia mara tatu nikidhani nimeibiwa kitu, maana 4a zilifutana zenyewe.

Mleta uzi
Dada, hayo mabano matupu nayachukua leo leo.

Chelewa Ufike
√(x + 6) = x. Nikapata 3 na −2, nikaandika zote mbili, nikapewa nusu ya alama. Nikaenda kulalamika. Mwalimu akanipa chaki: "Rudisha −2 kwenye swali." √4 ni 2, si −2. Ukishapandisha pande zote kwa kipeo cha pili, 2 na −2 zote zinatoa 4, na jibu la uongo linapata mlango. Nikarudi kukaa kimya kimya.

Nusu Kipimo
Wengine hatujafaulu bado. Hii ni mara ya pili naichukua kozi. Mwaka jana nilitazama video kila usiku, naelewa kila kitu, mtihani ukija kalamu haiendi. Sasa swali likishasomwa nasimamisha video, napambana nalo dakika 10, ndipo naendelea. Mwendo wa kinyonga, lakini alama zimepanda. Logi ndizo bado zinanitesa, mwenye la kusema aseme.

Kalamu Butu
Isome logi kama swali. log₂ 32 inakuuliza: 2 uipandishe kwa kipeo gani upate 32? Ni 5. Ukikwama, igeuze iwe kipeo kwanza.

Nusu Kipimo
Kwa hiyo log₂ 1 ni 0?

Kalamu Butu
Naam. Sasa itafute log₂ 0, halafu uje utuambie.

Nusu Kipimo
Nimekaa nayo nusu saa. Haipo, sivyo? Nimefika hadi kipeo cha −10 na bado inabaki 1/1024.