Kobe wa maji hawataki mboga kabisa, ni dagaa tu. Nifanyeje?

Ummu_Nasra
Assalamu alaikum jamani, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mie niko Tudor, nina kobe wa maji wawili, wale wa Kimarekani wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Tuliachiwa na jirani alipohama, walikuwa wadogo kama sarafu ya shilingi ishirini, sasa ni mwaka wa tatu na yule mkubwa ashafika kisahani cha kikombe. Siku zote huwapa dagaa wakavu na zile peleti za dukani, na nikisafisha kamba huwatupia vichwa, wanagombania mpaka maji yanaruka. Juzi nimesoma kwamba wakikua wanatakiwa wale mboga zaidi kuliko nyama, basi nikaanza, nimejaribu mchicha, kabichi, karoti, tango, wapi! Wanasogea wananusa wanageuka. Mchicha unalala majini mpaka unaoza, nyumba yote inanuka na mzee wa nyumba ashaanza kusema.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Yule mdogo kope zake zimevimba, asubuhi anafungua jicho moja tu, jengine limefumba kabisa, na siku mbili hizi hata dagaa anampita. Binti yangu ana miaka saba, kila akitoka madrasa anakimbilia tangi kumwangalia. Je, ni mambo ya chakula? Na mboga gani hasa niwape, na kwa njia gani? Maji ni ya kisima kwa sababu mfereji wetu wajua wenyewe, wiki mara moja.

Kaka_wa_Likoni
Pole dada. Dawa yake ni njaa. Usiwape dagaa siku tatu nne uone kama hawatakula hata kabichi. Wangu nilimfanya hivyo hivyo.

Tangi_la_Kisauni
Wa alaikum salaam Ummu Nasra. Kaka wa Likoni amesema kweli nusu, huyo mkubwa mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila nyama na hatakufa, lakini huyo mdogo USIMFUNGE NJAA tafadhali. Kobe wa maji anakula kwa kuona, akiwa macho yamefumba hakioni chakula hata ukimwekea puani, kwa hivyo hakatai dagaa kwa jeuri, hawaoni. Ukimnyima ndio utamaliza kabisa.

Haya tuje kwenye mboga. Mie nafuga mwaka wa tisa huu na nilianza na makosa hayo hayo yako, nikadhani mboga ni mboga tu. Mchicha na spinachi zina kitu kinaitwa oksaleti, kinaishika kalsiamu haiingii mwilini, na kobe bila kalsiamu gamba linalainika. Ukimpa mara moja moja hapana neno, kila siku ndio ubaya. Kabichi nayo ikizidi inasumbua tezi ya shingoni. Tango na letasi ni maji matupu, atashiba lakini hajala kitu. Sukuma wiki ndiyo mboga ya kobe, wallahi, ile ile ya gengeni, ina kalsiamu nyingi na oksaleti kidogo, tena haiozi haraka majini. Ongeza malenge na karoti kwa ajili ya vitamini A, ile rangi ya machungwa ndiyo kazi yake.

Namna ya kuwapa: chukua jani zima la sukuma, lioshe sana sana kwa sababu ya dawa za shambani, toa ule uti mgumu wa katikati, halafu lizamishe nusu, chini ulibane na jiwe, juu liwe linapeperuka ndani ya maji. Kobe akiona kitu kinatikisika anakiuma, ndio tabia yake. Ukimkatia vipande vidogo vidogo vinazama chini havitembei, kwake hicho ni taka. Na usimwekee kwenye jiwe lake la kuota jua eti asichafue maji, huyu hana mate ya kutosha kumezea, lazima awe ndani ya maji ndio kitu kishuke kooni.

Asubuhi ndio wakati mzuri, yuko na njaa. Weka sukuma kwanza, dagaa baada ya saa mbili tatu, wala usiwaweke pamoja, utakuta dagaa wamekwisha na jani halijaguswa. Akikataa kabisa, roweka jani kwenye maji uliyooshea kamba nusu saa. Wangu ilinichukua wiki tano, wiki nne za mwanzo alilichana tu na makucha nikakaribia kukata tamaa, halafu siku moja narudi kutoka msikitini baada ya alfajiri nakuta jani limebaki uti.

Mpenda_Kasa
Samahani kuingilia, mbona hapa mtaani wanawapa kisamvu? Na mwengine huwapa mahamri yaliyobaki na wanakula vizuri tu.

Tangi_la_Kisauni
@Mpenda_Kasa kisamvu kibichi kina sumu ya sayanaidi, ndio maana sisi wenyewe hatukili bila kukitwanga na kukichemsha sana. Usimpe kobe, hata jani moja. Mahamri, chapati, wali, mkate, hivyo anakula kwa sababu ni mlafi, mwili wake hauna kazi navyo, na maji yanageuka uji. Avokado na vitunguu pia aviepuke.

Dr_Mtarajiwa
Dada Ummu Nasra, mimi nasomea afya ya wanyama, sijahitimu, kwa hivyo chukua haya kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo umuonyeshe. Kope kuvimba kwa kobe wa maji mara nyingi ni mambo mawili: upungufu wa vitamini A au maji machafu, na mara nyingi yanakuja pamoja. Kobe aliyelelewa kwa dagaa na vichwa vya kamba peke yake hapati vitamini A ya kutosha, ngozi ya ndani ya kope inakuwa nene, usaha unajikusanya, jicho linafumba. Tena mboga iliyooza ndani ya tangi unajua wenyewe inafanya nini.

Tafadhali usinunue matone ya vitamini dukani ukamdondoshea, wala mafuta ya samaki kwa kijiko. Vitamini A ikizidi ni sumu, inaweza kumbambua ngozi. Daktari akiona haja atamchoma sindano kwa kipimo cha uzito wake. Unachoweza kufanya leo ni kumtenga kwenye beseni lake, maji safi ya uvuguvugu kila siku, na kumkaribishia chakula mdomoni kwa kibanio. Kipande cha ini la kuku kidogo kama punje ya haragwe, mara moja kwa wiki, hakina neno na kina vitamini A tele.

Halafu muoshe mikono na sabuni nyote, mtoto hasa. Kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima hana ugonjwa. Marekani tangu 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi nne kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni na kuugua. Maji ya tangi usimwage kwenye sinki la jikoni.

Babu_Mji_wa_Kale
Mwanangu, wenzako wamesema vizuri, mie naongeza mawili ambayo hapa Mombasa tunayo bure na watu wanayapita.

La kwanza jua. Kobe yuataka jua la moja kwa moja, si la kupitia kioo cha dirisha, kioo kinazuia ule mwale unaomfanya atengeneze vitamini D, na bila vitamini D hiyo sukuma yote na kalsiamu yake inapita tu. Watoe balkoni au uwani kwenye beseni la plastiki asubuhi saa mbili mpaka saa nne hivi, uweke na kipande cha mbao upande mmoja wapate kivuli. Usilitoe tangi la kioo likae juani, jua letu la Januari litawapika mle ndani, mie niliwahi kupoteza mmoja hivyo na mpaka leo roho hunisuta.

La pili, ukienda pwani wakati maji yametoka, utaona ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya ngisi, umetupwa mchangani. Okota. Uroweke kwenye maji baridi siku mbili tatu ukibadilisha maji utoke chumvi, uanike, ukwangue ile sehemu ngumu ya mgongoni, kisha kitie kipande majini kielee. Watakitafuna wenyewe wakihitaji, ni kalsiamu tupu.

Na hao dagaa wakavu wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, waroweke kwanza, umwage yale maji. Kisima chenu je, maji yake yana chumvi? Hapa kwetu mengi yana munyu. Ikiwa hata chai yaharibu ladha basi usiwatilie hao, chota ya mfereji siku yakija uyaache kwenye ndoo wazi usiku mzima dawa ya klorini itoke.

Msimamizi_2
Naongeza la sheria kwa wanaosoma kimya. Hawa wa Ummu Nasra asili yao ni kule mto Mississippi, si wa hapa. Msimuokote kobe wa mtoni au kasa wa baharini mkamleta nyumbani, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Na aliyechoka na wake wa Kimarekani asimwachilie mtoni wala kwenye bwawa. Wanakula kila kitu na wanawanyang'anya wa asili chakula na mahali pa kuota jua, Ulaya walizuia kuwaingiza tangu 1997 kwa sababu hiyo. Tafuta mtu wa kumpa.

Ummu_Nasra
Narudi baada ya wiki nne, samahani nilikuwa kimya. Nilimpeleka mdogo kwa daktari siku ya pili yake, akasema ni vitamini A kama alivyosema Dr Mtarajiwa, akamchoma sindano na kunipa dawa ya kusafishia macho. Wiki ya kwanza nilikuwa namlisha kwa kibanio, nusu saa nzima kwa vipande vitatu, mkono unaniuma. Siku ya kumi na moja macho yote mawili wazi! Nasra alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Maji ya kisima nilionja, kweli yana munyu, nimeacha. Mfupa wa dome tuliuokota Nyali Jumapili, mkubwa ashautoboa.

Kuhusu sukuma, mdogo ndiye aliyeanza, sikutegemea, malenge ya kukwaruza yaliyolowekwa maji ya kamba, halafu jani. Mkubwa bado. Analiuma anatema, analiuma anatema, lakini jana sehemu ya pembeni ilikuwa haipo na sikuikuta chini. Dagaa nimepunguza, siku moja nawapa siku moja siwapi. Babu swali moja, majani ya viazi vitamu je? Shambani kwa mamangu Mtwapa yamejaa.

Babu_Mji_wa_Kale
Alhamdulillahi. Matembele wape, lakini changanya na sukuma, yasiwe peke yake kila siku, yana ile oksaleti pia. Machanga ndiyo laini. Na huyo mkubwa usimrudishie dagaa wa kila siku kwa huruma, kishaanza huyo.