Naomba ushauri: video za kanga zinatazamwa, wanunuzi siwaoni

Wakuu, habari za muda huu. Nauza kanga Kariakoo na nina ukurasa Instagram. Nikiposti picha ya doti iliyokunjwa, kimya. Nikirekodi video fupi naikunjua taratibu na kusoma jina lake, hasa yale mafumbo ya kumsuta mke mwenza, watu wanatagiana, wanacheka, wanabishana, halafu hakuna anayeulizia mzigo. Wanaolipa wengi wanatoka stetasi ya WhatsApp, ambayo saa 24 zikipita imeshapotea. Bei naandika wazi (ule mtindo wa "njoo inboksi" unanikera). Sasa hawa wa Instagram niwahamishieje WhatsApp, wakati linki kwenye maelezo ya posti haibonyezeki? Na kulipia tangazo kwa mtaji mdogo kunalipa, au nikomae na video kwanza?