Kiuno cha mwendesha boda: kairopraktiki, fiziotherapia au kukandwa?

Muulizaji_Kawempe: Wataalamu, naomba ulinganisho. Mwendesha boda wa Kampala, miaka 34, kiuno kinamuuma wiki ya 7 sasa. Maumivu hayashuki mguuni. Aanzie wapi: kairopraktiki (kusukumwa viungo vya mgongo kwa mikono), fiziotherapia (tiba ya mazoezi na viungo) au kukandwa?

Fizio_Jinja: Ndugu, kwanza achunguzwe kama ana dalili za hatari. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku, anakonda, au maumivu hayatulii hata akilala, asisukumwe mgongo kabla ya kupimwa kifua kikuu. TB hula pingili za uti wa mgongo, na pingili iliyoliwa ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuporomoka na kumpoozesha. Ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma: hospitali siku hiyohiyo.

Kama hana hayo, kairopraktiki humpa msukumo mfupi wa haraka kwenye kiungo. Ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Maumivu yanaweza kupungua, lakini akirudi kwenye kiti kilekile na shokapu zilizokufa, yatarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 unakubali msukumo huo, kukandwa na mazoezi kwa kiuno cha muda mrefu, yaani kinachozidi miezi 3. Mikanda ya kiuno haukuipendekeza. Mimi ningeweka pesa kwenye mazoezi.

Mkandaji_Arua: Kukanda kunalegeza misuli, naunga mkono. Chupa ya maji moto ifungwe taulo, dakika 15 hadi 20, asilale juu yake. Kosa kubwa ni kupaka dawa ya pilipili kisha kuweka joto: ngozi inaungua. Na unga wa mitishamba usio na lebo auache kabisa. Mwingine huchanganywa kimyakimya na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe.

Muulizaji_Kawempe: Asanteni. Mazoezi yapi hasa?

Fizio_Jinja: Apige magoti, viganja sakafuni chini ya mabega. Anyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ahesabu sekunde 8, abadilishe upande. Mara 6 kila upande, apumzike, mara 4, kisha 2. Kila siku. Wengi huinua mguu juu mno, kiuno kikabonyea na nyonga ikapinduka, na hapo ndipo zoezi linapoumiza. Awekewe kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya kiuno. Maji yakimwagika, ashushe mguu hadi usawa wa mgongo. Na kila saa moja barabarani ashuke atembee dakika 2.

Dada_Mbale: Na wakitaka kumsukuma shingo pia hadi ilie?

Fizio_Jinja: Akatae, dada. Mshipa wa damu wa shingoni unaopanda kwenye ubongo unaweza kuchanika. Ni nadra, ila ukichanika huleta kiharusi, na tatizo lake liko kiunoni.